Mguu haukunyanyuka

Dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, aliniambia nilale chali, ninyooshe mguu wa kushoto, alafu niunyanyue wote bila kukunja goti. Nikajaribu. Paja likakaza, nililiona kabisa likikaza, pia ya goti ikasogea juu kidogo kama inataka kukimbilia kiunoni, lakini kisigino hakikuachia kitanda. Akasema, "Mwalimu, jaribu tena." Nikajaribu tena nimeshika kingo za kitanda, jasho linanitoka, kisigino kimelala palepale. Akachukua kidole gumba chake akakiweka chini tu ya pia ya goti, akabonyeza, na kidole kikazama. Kulikuwa na bonde pale. Bonde ambalo nilikuwa nalipaka mafuta kila usiku kwa miezi saba na sikujua kwamba ndo ugonjwa wenyewe, kano ya goti iliyokatika. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Hivi tangu umeumia, kuna mtu amewahi kukwambia unyanyue mguu hivi?"

Hakuna. Hakuna hata mmoja, na ndo maana naandika haya yote kwa urefu, mnivumilie.

Niliumia Juni 2022, Jumamosi jioni, uwanja wa shule hapa Tanga, tunacheza voliboli walimu watupu. Nikaruka kupiga smashi, mpira nikaupata vizuri tu, tatizo likawa kutua. Nilitua na mguu wa kushoto goti limekunja kidogo na nikasikia "pwa!", mlio wa kamba iliyokatika na mzigo, mpaka mwenzangu aliyesimama upande wa pili wa neti akauliza nini hiko. Nikakaa chini. Nilipotaka kusimama mguu ukanikataa, yaani hauna nguvu kabisa, haukuwa unauma kwa kiwango cha kutisha, ulikuwa umezima tu.

Wakanipakia kwenye bajaji hadi kituo cha afya kimoja ambacho sitakitaja. Goti limeshavimba kama papai. Wakapiga eksirei, nikaambiwa hongera, mfupa haujavunjika, ni msuli tu umevutika, nikafungwa bandeji ya kuvutika, nikapewa diklofenaki ya maumivu na wiki mbili za kupumzika. Na kweli mifupa ilikuwa mizima. Ila picha ile ninayo mpaka leo kwenye bahasha yake ya kaki, na miezi saba baadae daktari wa mifupa kule Dar aliiinua tu kwenye mwanga wa dirisha akatoa rula mfukoni. Akapima urefu wa pia ya goti, alafu akapima kutoka ncha ya chini ya pia mpaka kwenye kinundu cha mfupa wa ugoko. Vipimo hivyo viwili kwa mtu mzima wa afya hukaribiana, cha pili kugawa kwa cha kwanza unapata 1 hivi, ni hesabu ya madaktari Insall na Salvati ya mwaka 1971, na ikivuka 1.2 maana yake pia imepanda. Yangu ilikuwa 1.7. Picha ilikuwa inasema tangu siku ya kwanza, ila iliulizwa swali moja tu, kuna mfupa umevunjika au hakuna?

Goti linavyofanya kazi nitaeleza kwa jahazi, kwasababu hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha Pangani na utotoni nimevuta sana henza. Jahazi lina foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, na henza ni kamba nene inayoipandisha kwa kupita kwenye gofia huko juu ya mlingoti. Wavutaji wako chini, mzigo uko upande wa pili, gofia iko katikati inageuza nguvu iende inapotakiwa. Sasa kwenye goti wavutaji ni ile misuli minne ya mbele ya paja, gofia ni pia ya goti, kamba ya juu ya pia ni kano ya msuli wa paja, na kamba ya chini ni kano inayotoka ncha ya chini ya pia kwenda kushika kwenye kinundu ambacho ukipapasa ugoko wako saivi utakipata, vidole vitatu vinne chini ya goti. Kamba yoyote kati ya hizo mbili ikikatika wavutaji watavuta mpaka wachoke na mguu hautanyooka. Mara nyingi walio chini ya miaka 40 hukatika ile ya chini, waliovuka 40 hukatika ile ya juu. Mimi nilikuwa na 36, nikakatika ya chini.

Na kano hii si kitu cha kukatika ovyo. Mwaka 1977 watafiti walichapisha hesabu ya mnyanyua vyuma mmoja ambaye kano yake ilikatika mashindanoni kamera ikiwa inamrekodi, wakakokotoa kutoka kwenye ile filamu kwamba ilipokatika ilikuwa imebeba kama mara 17 na nusu ya uzito wa mwili wake. Mara 17! Mimi niliruka tu kwenye uwanja wa mchanga. Kwahiyo daktari aliponiuliza kabla ya kuumia goti lilikuwaje ikabidi niseme ukweli wote. Nilikuwa na maumivu chini ya pia ya goti karibu mwaka mzima, yale maumivu ya warukaji, na nilikuwa nimechomwa sindano mbili palepale kwenye maumivu, zile sindano za steroidi ambazo ukichomwa leo kesho unacheza. Maumivu yaliondoka kweli. Daktari akaniambia dawa ile ikichomwa kwenye kano au karibu yake inaweza kuidhoofisha, na mbaya zaidi inanyamazisha maumivu ambayo yalikuwa yanakuzuia usiruke. Akataja na wengine wanaotakiwa kujiangalia, wenye kisukari, wenye figo zilizochoka hasa wanaosafishwa damu, na watumiaji wa antibayotiki jamii ya sipro, ambazo tangu 2008 Marekani zinabeba onyo la ngazi ya juu kabisa kuhusu kano, hasa ile ya kisigino. Na sipro kwetu mtu ananunua famasi kama peremende.

Miezi saba nilitembeaje, watu wengi wananiuliza hilo. Nilitembea, na hapo ndo mtego ulipo. Pembeni mwa pia ya goti kuna nyama ngumu za kushikilia, kushoto na kulia, zikibaki nzima zinasaidia kidogo, na ukitembea sehemu tambarare unajifunza kuurusha mguu mbele kwa nguvu ya nyonga na kulifunga goti kabla hujaukanyaga. Ukiniona barabarani ungesema anachechemea tu huyu. Ngazi ndo zilikuwa zinasema ukweli. Darasa langu liko ghorofani, nilikuwa nashuka kinyumenyume nimeshika reli, na kwenye mteremko nilikuwa nasukuma paja kwa kiganja cha mkono kila hatua, suruali zangu zote za kazi zimechakaa sehemu moja, juu ya goti la kushoto. Nimeanguka mara nne. Mara moja mbele ya kidato cha pili, mtoto mmoja wa kike akakimbia kuniokota na madaftari yamenitawanyikia, nikajisikia vibaya sana siku ile, sio kwa aibu, kwa kuona kwamba ndo nimeshakuwa hivi.

Katikati hapo nilienda kwa mzee mmoja anayechua, wiki sita, asubuhi na jioni, mafuta ya nazi ya moto. Mzee wa watu alikuwa na nia njema na mikono yake ilinipa nafuu ya uvimbe, simlaumu. Ila kano iliyoachana haichuliki ikarudi.

Kwanini kuchelewa ni kitu kizito. Kano ikikatika leo, ndani ya wiki mbili tatu za kwanza daktari anafungua, anazikuta ncha mbili bado laini na ziko karibu, anatoboa pia ya goti matundu membamba matatu kutoka chini kwenda juu, anapitisha nyuzi ngumu, anavuta, anafunga, basi. Ikivuka kama wiki sita wanaiita ya zamani, na hapo mfano wangu wa jahazi unaishia kwasababu kamba haina uhai na msuli unao. Msuli usiokuwa na mzigo unajifupisha, unapanda na pia ya goti huko juu unanata kwenye mfupa wa paja, unakonda, na zile ncha za kano zinaliwa zinageuka kovu. Ukifungua hukuti kitu cha kushona na kitu. "Mwalimu," daktari aliniambia, "kwako sirudishii kano, natengeneza nyingine."

Nyingine inatoka wapi? Kwenye nchi zenye benki za viungo wanaweza kutumia kano ya kisigino ya marehemu aliyejitolea, inakuja na kipande chake cha mfupa. Kuna na za kutengenezwa kiwandani. Mimi nilitolewa mwenyewe kwangu: nyuma ya paja, upande wa ndani, kuna kano mbili ndefu nyembamba zinazosaidia kukunja goti, ukikunja goti na kushika nyuma kwa ndani utazigusa zimesimama kama nyuzi za zeze. Zinavunwa hizo na maisha yanaendelea, nguvu ya kukunja inapungua kidogo na yenyewe ndo hiyo bei. Nikauliza ni mbinu mpya hii? Kumbe hata kidogo, kutumia kano ya hapo kurudisha goti lililosahauliwa ilielezwa 1957 na Hampar Kelikian na wenzake kule Chicago, halafu 1979 Ecker na wenzake wakaeleza ya kutumia zote mbili. Huyo Kelikian nikamsoma baadae usiku mmoja sina usingizi, Muarmenia aliyenusurika mauaji ya watu wake akaingia Marekani kijana hana kitu, na ndiye aliyemfanyia upasuaji Bob Dole, yule seneta, mkono wake ulioharibika vitani. Sijui kwanini ilinipa moyo lakini ilinipa. Mtu aliyepoteza kila kitu ndo alikaa akafikiria magoti yaliyosahauliwa.

Siku moja kabla ya upasuaji wakanipeleka eksirei wakapiga goti la kulia, lile zima. Nikamwambia fundi wa mashine, kaka umekosea mguu. Akacheka, akasema la kulia ndo ramani. Maana yake daktari anapotengeneza kano mpya lazima ajue aifanye ndefu kiasi gani, akiikaza sana pia inashuka chini na goti halitakunja, akiilegeza inabaki juu na mguu hautanyooka mpaka mwisho, sasa kipimo pekee cha kweli cha mwili wako ni mguu wako wa pili.

Nilipasuliwa Februari 27, 2023. Sindano ya mgongo, kwahiyo nilikuwa macho, pazia la kijani mbele ya kifua sioni kitu, mkanda wa kuzuia damu umebana pajani lakini ulikuwa kama umebana paja la mtu mwingine. Nilisikia kila kitu. Nilisikia daktari anamwambia msaidizi wake pia haishuki, achia pembeni tena, achia chini ya msuli, na walikaa hapo mda mrefu kuliko sehemu yoyote, kuubandua ule msuli kutoka ulipojibandika na kuivuta pia taratibu irudi kwao. Baadae nikasikia drili, tundu moja likapita pia ya goti kulia kwenda kushoto, lingine likapita kwenye mfupa wa ugoko, kano zikazungushwa humo kama mtu anafunga mzigo, ikaja na waya wa chuma kuzunguka yote ili ubebe nguvu mpaka kano mpya ijishike. Kisha akakunja goti langu palepale mezani taratibu anahesabu, thelathini, arobaini na tano, sitini, inashika. Neno hilo "inashika" nililisikia wazi kabisa na machozi yakanitoka nimelala, dada wa dawa za usingizi akanifuta bila kusema kitu, Mungu ambariki.

Nilikaa kwa shangazi Tandika. Wiki sita hogo la plasta kuanzia juu ya paja hadi karibu na kifundo, mguu umenyooka kama mchi. Choo cha shangazi ni cha kuchuchumaa, binamu yangu akachukua kiti cha plastiki akakikata katikati na msumeno, na kwa kiti hicho niliishi, nakitaja kwasababu hakuna mtu hospitali aliyeniuliza nyumbani una choo gani na hilo ndo swali la kwanza ningeuliza mimi. Ramadhani ikaingia Machi sina hata mwezi tangu nipasuliwe, nikaswali tarawehe kwenye kiti uani, mguu umenyoshwa mbele juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Wanafunzi walikuwa wananitumia video za Ronaldo, yule wa Brazil. Kano kama yangu, goti la kulia, ikajeruhiwa Novemba 1999 akiwa Inter dhidi ya Lecce, akashonwa, karudi Aprili 12, 2000 fainali ya kombe la Italia na Lazio, dakika kama saba tu yupo uwanjani anataka kumpita mtu, ikakatika yote. Ile picha ameshika goti analia sijawahi kuiangalia mpaka mwisho. Akapasuliwa tena Paris na Profesa Gérard Saillant, na Juni 30, 2002 kule Yokohama akafunga mabao mawili ya fainali, manane kwa kombe zima. Nilikuwa nawashukuru watoto lakini nilikuwa nawaambia angalieni tarehe, miaka miwili na zaidi, na yeye alipasuliwa bila kuchelewa, hakukaa miezi saba.

Maana mazoezi ndo kazi yenyewe, upasuaji unakupa ruhusa tu ya kuanza. Hogo lilipotolewa Aprili paja lilikuwa limekwisha, dada wa fizio akapima na futi ya fundi cherehani, sentimita sita pungufu ya lingine. Akaweka taulo lililokunjwa chini ya goti akasema kandamiza. Nikamwambia nakandamiza. Akasema hapana mwalimu, unafikiria kukandamiza. Na ni kweli, msuli ulikuwa umesahau, unautuma hauendi. Tulikaa na taulo lile siku tisa kabla sijauona umetetemeka. Kukunja nako, nyumbani nilikuwa nakaa sakafuni, sakafu ya saruji, kipande cha kanga kuukuu chini ya kisigino, nateleza kuja kwangu, narudisha, nateleza, mke wangu amekaa pembeni anahesabu na anachambua mchele. Digrii 30 kwanza, usizidi. Wiki mbili mbele 45. Tisini niliipata mwisho wa Juni. Na mguu wenyewe ulinyanyuka ukiwa umenyooka wiki ya kumi na moja, kwa sekunde labda tatu, kisigino kikaacha mkeka, mke wangu akaacha mchele.

Waya ulitolewa Novemba, ulikuwa umeshakatika sehemu moja, daktari akasema waya hukatika sana tu kano ikishachukua kazi yake. Leo goti linakunja digrii 118. Kuchuchumaa mpaka chini siwezi, kukaa tahiyatu siwezi, paja bado pungufu sentimita mbili. Kushuka ngazi nashuka uso mbele. Voliboli sichezi, nafundisha.

Mwaka jana mwezi wa nane kijana wa jirani, dereva bodaboda, alianguka akajigonga goti kwenye jiwe akiwa amelikunja. Mama yake akanipigia siku ya tatu, mwalimu njoo umuone mwanangu, picha inasema mfupa mzima ila hawezi kusimama. Nikaenda. Amekaa kwenye mkeka na bandeji ile ile ya kuvutika. Nikamwambia mwanangu lala chali, nyoosha, sasa nyanyua mguu wote. Paja likakaza. Kisigino kikabaki. Mama yake akaniangalia, nikamwambia mama andaa nguo, kesho alfajiri mnapanda basi la Dar, nauli tutajua njiani.

Alipasuliwa siku ya tisa. Matundu matatu, nyuzi, hakuna kano iliyovunwa popote. Kovu lake ni moja, mimi ninayo matatu.